Ujumbe Usiokuwa na Pa Kwenda

Juba, 4 Februari 2024

Mdogo wangu Santina,

Pokea salamu kutoka katika joto la Februari, ambalo limeingia humu nyumbani kama mgeni asiyejua kuaga. Sote ni wazima. Mwanangu Johnson anaendelea kuuza mabati na misumari. Mke wake, Viola, amechaguliwa kuwaongoza akina mama wa parokia, na tangu siku hiyo hata kuku wetu wanatembea kwa adabu. Cyril, kitinda mimba wangu, anatengeneza jenereta za hoteli za Hai Amarat. Ametimiza miaka thelathini na moja, na nikimwuliza habari za ndoa hutazama saa yake.

Kwa kuwa masikio yako yamegombana na simu, nimerudi kwenye kalamu, wala sijutii. Katika simu watu huambiana “mzima, mzima” mpaka salio linakwisha. Nuwa, dereva Mganda wa lori la vigae, hupita hapo kwenu Morogoro akitoka Dar es Salaam kuja huku, na amekubali kutubebea barua. Hana haraka, lakini ni mwaminifu.

Sasa nifike kwenye jambo lenyewe. Nilipostaafu ualimu mwezi Desemba, watoto walininunulia kiti. Usifikirie kiti cha kawaida. Kina mito mitatu, kina mahali pa kuegemeza kichwa, na mikono yake ni mipana kiasi cha kubeba birika na sahani. Nilikaa. Nikaletewa chai. Nikaletewa redio. Nikataka kufuata miwani yangu, nikaambiwa, “Kaa, Baba, italetwa.” Siku zikaenda hivyo.

Juzi nilikwenda zahanati kupimwa macho. Tabibu, kijana mpole, alipima na mengine ambayo sikumwomba. Shinikizo la damu limepanda na sukari inalifuata. Kisha akasema, “Mwalimu, hebu simama bila kutumia mikono.” Nikainuka kidogo, nikarudi nilikotoka. Nikajaribu tena, nikarudi tena. Akaniambia, “Miguu yako haina ugonjwa. Unakaa mno. Tembea kila siku, lima kidogo, beba vitu, punguza sukari kwenye chai. Usipoirudisha nguvu hiyo mwaka huu, mwakani utakuwa mtu wa kuinuliwa.”

Santina, unanijua. Siogopi kufa, maana hilo ni la wote. Kuinuliwa ndiko ninakokuogopa.

Kwa hiyo nimeanza kutembea, na hapo ndipo nilipokutana na adui, naye anaitwa heshima. Nikitoka getini, kijana wa bodaboda anasimama: “Mwalimu, panda, hulipi.” Nikikataa, anaendesha polepole kando yangu kama analinda jeneza. Wanafunzi wangu wa zamani wanasimamisha magari. Nikishika jembe, mwanamke nisiyemjua ananinyang'anya na kulima yeye. Sijawahi kufika mbali kuliko duka la Milly, Mganda anayeuza unga na maharagwe kwenye njia panda yetu. Jana aliniita, nami ninaandika kama alivyosema, uniwie radhi: “Mzee, wewe iko naenda wapi na mguu? Watoto yako imekufa?”

Nyumbani sijawaambia maneno ya tabibu. Wakisikia shinikizo la damu, wataongeza mto wa nne.

Wewe je? Bado unapanda kwenye bustani yako ya mboga Kigurunyembe kila asubuhi? Bado unacheza mbele ya kwaya? Nijibu bila kuzunguka.

Ndimi kaka yako,
Emilio Lodu


Morogoro, 17 Machi 2024

Kaka Emilio,

Tumsifu Yesu Kristo. Barua yako imefika ikinukia dizeli na ndizi, nikajua Nuwa aliiweka karibu na chakula chake. Huku mvua zimeanza kunyesha na milima ya Uluguru imejifunika. Watoto hawajambo. Mpangaji wangu wa chumba cha nje ameoa, na bibi harusi anapika maharagwe ya nazi ambayo harufu yake inanikosesha sala. Mbuzi wa jirani amekula kitabu cha nyimbo cha mwenyekiti wa kwaya, na sasa kuna kesi.

Nimecheka kuhusu kile kiti mpaka mwanangu akaja kuangalia kama ninalia. Lakini la miguu si la kucheka. Msikilize huyo tabibu. Chai yako ya Juba naikumbuka: kijiko kinasimama chenyewe ndani yake. Anza na vijiko viwili, halafu kimoja, halafu usahau kimoja. Kula maharagwe, bamia na mboga. Lala mapema, maana wewe ukikosa usingizi unakuwa mkali, na ukiwa mkali hilo shinikizo linapata kazi.

Halafu tumia akili, Kaka. Mzee hatembei ovyo. Mzee huwa anakwenda mahali. Humkumbuki Baba kule kambini Uganda? Alipotoka na shati tu, kila mtu alimpa baiskeli. Alipovaa lile koti lake jeusi, hakuna aliyemgusa, kwa sababu watu walidhani anakwenda kuamua kesi. Naye alikuwa anakwenda kuangalia mihogo! Vaa koti, bwana.

Nisamehe kwa ufupi, mpangaji anasubiri kupeleka barua Msamvu, malori yanakosimama.

Mdogo wako mtundu,
Santina


Juba, 12 Mei 2024

Mdogo wangu Santina,

Nimefurahi kusikia habari za mbuzi, ingawa mimi niliuliza habari zako. Niliuliza kuhusu bustani. Niliuliza kuhusu kwaya. Ukisahau swali mara moja ni uzee. Mara mbili ni ujanja.

Mvua imeanza hapa pia na barabara zetu zimegeuka uji. Wajukuu wanafanya mitihani. Cyril amenunua shati jeupe na viatu vyeusi, akasema ni vya kazi. Fundi wa jenereta na shati jeupe!

Nianze na habari mbaya. Nilitembea peke yangu mwezi mzima wa Machi nikiwakimbia bodaboda kwa njia za nyuma, na tumbo langu likapungua. Mimi nilifurahi. Mtaa haukufurahi. Kwetu mzee akipungua, lazima aliyempikia aulizwe. Bombani wakaanza kusema kwamba Viola ananinyima chakula, kwamba ndiyo maana natembea, natafuta pa kula. Kisha wakaanza kuja kuniona. Unajua desturi: huwezi kumwona mgonjwa mikono mitupu. Mmoja akaja na sukari kilo mbili. Mwingine sukari na sabuni. Abuna, padri wetu, alikuja mwenyewe akaniombea, na nyuma yake akina mama wanne, kila mmoja na sukari. Nilikuwa na sukari ya kutosha kuua kijiji. Viola aliwapokea wote kwa tabasamu, akawapikia chai, kisha nikamsikia akilia jikoni. Hajawahi kuninyima kitu, Santina, isipokuwa nafasi ya kusimama.

Johnson aliona aibu. Akaniita, akakaa wima kama ndiye aliyenizaa: “Baba, mvua zikiisha nitakupeleka Nesitu kwa binamu. Kuna utulivu. Utakaa kivulini, utaangalia malori yakipita. Utapumzika.” Nikasema sijachoka. Akasema, “Watu wanaona umechoka.” Basi hiyo ndiyo hukumu yangu: mvua zikiisha, Nesitu, kwenye kiti. Nilijua kwamba nikipelekwa kule, sitarudi kwa miguu yangu.

Ndipo nikakumbuka koti la Baba. Nilivaa suti yangu ya kustaafia, tai, na viatu vilivyopigwa rangi. Nilifika mbali kidogo kuliko kawaida, lakini bado bodaboda wakanisimamia. Mzee mmoja aliyevaa vizuri wanadhani amechelewa kanisani. Nilipofika dukani kwa Milly nilimkuta Aguer. Huyu ni mwanajeshi mstaafu kutoka upande wa makao ya jeshi ya Bilpam, mrefu kama nguzo ya umeme, ambaye binti zake humficha viatu ili asitoke. Siku hiyo alikuwa amevaa vya mkwewe, na visigino vilikuwa nje. Naye tabibu wake alimwambia yale yale.

Tukatoka pamoja, tukizungumza, yeye na fimbo yake, mimi na tai yangu. Milly akafunga duka akatufuata, amevaa gomesi yake ya Jumapili, kwa sababu magoti yake pia humsumbua, na kwa sababu, ninavyoamini, hawezi kuvumilia mazungumzo yanayoondoka bila yeye. Na hapo, Santina, likatokea jambo la ajabu. Bodaboda walipisha. Wakashusha sauti za pikipiki. Kijana mmoja akavua kofia. Kwa nini? Kwa sababu mzee mmoja kwa miguu ametelekezwa, lakini wazee watatu kwa miguu, wamevaa vizuri, na mama mmoja kati yao, ni ujumbe. Wanakwenda kuomba binti au kupatanisha watu. Hakuna anayeusimamisha ujumbe.

Tangu hapo tunatoka kila asubuhi kabla ya jua kali, isipokuwa Jumapili. Aguer anahesabu hatua kijeshi na Milly anamwambia anyamaze. Hatuna pa kwenda kabisa, na tunakwenda kwa heshima kubwa. Njia tulionyeshwa na Cyril. Alisema tupite barabara ndefu nyuma ya hoteli, kwamba ina kivuli. Mimi sikuona mti hata mmoja. Kivuli chenyewe ni cha ukuta wa nyumba moja yenye geti la kijani. Lakini mtoto alionyesha kujali, nikaona nisimvunje moyo.

Juzi nilisimama kutoka kitini kwa mkono mmoja.

Sasa nijibu: bustani, na kwaya.

Kaka yako,
Emilio


Morogoro, 30 Juni 2024

Kaka Emilio,

Milele amina, maana najua hukunisalimu vizuri, ulikuwa na haraka ya kunigombeza.

Nimesoma habari za ujumbe wenu, nikawasomea mpangaji na mkewe, wamecheka mpaka chai ikamwagika. Huku tungewaita washenga, na angalieni, washenga wakipita mahali mara nyingi, watu huanza kuhesabu mbuzi. Mwambie Viola kwamba shangazi wa mume wake anasema hana hatia, na kwamba neno la shangazi haliwekewi mjadala. Zile sukari agawe kwenye misiba.

Baridi ya Juni imetufikia. Kesi ya mbuzi imeisha: ametozwa maziwa. Kwaya imepata sare mpya, zambarau, inapendeza sana ukiitazama.

Wewe tembea tu, Kaka. Usikubali Nesitu.

Santina


Juba, 18 Agosti 2024

Mdogo wangu Santina,

Sare ya kwaya inapendeza “ukiitazama”. Nimeisoma sentensi hiyo mara nyingi. Tutairudia.

Leo sina nafasi ya salamu ndefu. Wote wazima, mvua nyingi, Viola amegawa sukari. Nimeingia katika jambo ambalo sijui nitatokaje, na limeanzia kwenye geti lile la kijani.

Jumanne iliyopita tulikuwa tunapita pale kama kawaida. Geti likafunguka. Akatoka mtu wa makamo, amevaa kaunda suti, amenyoa vizuri. Nyuma yake mke wake na kitambaa kipya begani. Akasema kwa sauti ya mtu aliyejiandaa, “Wazazi wetu, leo mtaingia.”

Nilifungua kinywa kusema kwamba tunatembea tu. Lakini aliendelea: “Miezi mitatu mnapita hapa. Mnatazama nyumba, mnanyamaza, mnaendelea. Mimi na mke wangu tumeona unyenyekevu wenu. Wengine huja na kelele na magari. Nyinyi mmekuja kwa miguu, asubuhi baada ya asubuhi, mkatusoma kwanza. Karibuni.”

Tungefanya nini? Tukaingia. Yadi ilikuwa imefagiwa mpaka ikang'aa. Viti vilikuwa vimepangwa. Kulikuwa na soda, na mchuzi wa karanga ambao, nilikuja kuambiwa, mama yule alikuwa akiuweka tayari kila asubuhi tangu Juni. Tukanawa mikono. Aguer akaniinamia sikioni, na unajua mnong'ono wa askari wa mizinga: “Mwalimu, tumekuja kumwoa nani?”

Milly akamkanyaga mguu.

Mwenye nyumba akajitambulisha: Fortunato, alikulia uhamishoni Adjumani, huko Uganda, sasa anauza mbao. Akasema, “Binti yetu Caroline ni mkunga. Wapo waliokuwa wakimwulizia. Tumewaambia wasubiri, kuna watu wazima wanaopita. Nao wameacha kuja.”

Santina, fikiria. Watu waliomtaka binti wa watu wameacha kuja kwa sababu ya shinikizo langu la damu! Nikisema tulikuwa tunafanya mazoezi, nimemtia aibu baba, mama na binti mbele ya mtaa mzima. Nikisema tumekuja kuomba, nimemwombea nani? Aguer ana wajukuu wa kiume kumi na kitu, nikamtazama. Akatazama soda yake.

Wakati huo huo akaingia bibi mzaa baba wa Caroline, mkongwe kuliko sisi sote, na desturi inataka tusimame. Nilikuwa kwenye kochi la chini sana, lile la kumeza watu, mkono mmoja una glasi na mwingine una sahani. Nikasimama. Nilimwamkia bibi, nikamwuliza hali yake, ndipo nikagundua kwamba nimesimama na mikono yangu yote imejaa. Milly aliona. Akasema kwa nguvu, “Yesu!” Wenyeji walidhani anasali, nao wakasema amina.

Nikazungumza. Nilisema maneno niliyoyapima moja moja: kwamba sisi ni watu wa kuja kutambulisha nyuso zetu, kwamba wenye jambo lenyewe watajitokeza kwa wakati wake, kwamba nyumba hii tumeiheshimu kabla ya kuingia na tutaiheshimu baada ya kutoka. Hakuna neno la uongo humo, lakini sikulala.

Nilirudi nyumbani nikamwita Cyril chumbani kwangu. Nikamwambia, “Kaa.” Akakaa kwenye kile kiti, maana mimi siku hizi nasimama. Nikaanza: “Kuna nyumba moja yenye geti la kijani…”

Akaruka. “Baba, nani amekuambia?”

“Kuniambia nini?”

Akatazama saa yake. Nikamvua saa, nikaiweka mezani.

Basi, mdogo wangu, kumbe ni miaka miwili. Alikutana na Caroline alipokwenda kutengeneza jenereta ya zahanati anakofanya kazi. Hakuthubutu kuniambia, kwa sababu ananiogopa, na hakuthubutu kumwambia Fortunato, kwa sababu anamwogopa zaidi. Alipoona wazee watatu waliovaa vizuri wanatafuta njia ya kutembea, akatupa njia. “Nilifikiri,” alisema, “mkipita pita pale, watu wale watazizoea sura zenu.”

“Ulisema kuna kivuli!”

“Kipo, Baba. Kidogo.”

Nilimgombeza kwa muda mrefu na kwa utaratibu. Kisha nilitoka uani nikacheka mpaka Viola akaja na maji.

Bado Johnson. Yeye anasema harusi ni jambo jema lakini halibadilishi Nesitu. Anasema ataongoza maombi ya posa yeye, na mimi nitapelekwa kwa gari, nikae nyuma, kisha mvua zikiisha nikapumzike. Siku imepangwa mwisho wa Septemba. Niombee.

Emilio


Juba, 6 Oktoba 2024

Santina,

Sijapata jibu lako, wala sikungoja. Utajua sababu mwishoni, na usiruke kurasa.

Maombi yamefanyika. Johnson alikodi magari mawili yenye viyoyozi. Fortunato alipopata habari akatuma neno, nalo lilikuwa fupi: “Ujumbe ninaoujua mimi huja kwa miguu. Ukija kwa gari sitautambua.” Huwezi kubishana na baba wa binti siku kama hiyo. Kwa hiyo ukoo mzima ulitembea: Johnson na suti yake ya mkopo, binamu kutoka Nesitu, wajomba, na mbele yao mimi, Aguer na Milly, tukiwa tunalijua kila shimo.

Kabla ya kufika nyuma ya hoteli, Johnson alikuwa amevua koti. Baadaye kidogo akavua tai. Binamu wa Nesitu, yule ambaye angenipumzisha, akaketi juu ya tofali na kuomba maji. Aguer aliwapita akisema, “Kushoto, kulia, kwes, kwes, vizuri hivyo,” na Milly akamwambia Johnson, “Ninyi vijana iko mgonjwa? Mimi naweza leta nyinyi sukari.” Mwanangu alinishika mkono. Nilidhani anataka kunisaidia; kumbe alikuwa ananiegemea.

Tulipokewa vizuri mno. Caroline alitoka, ana macho yasiyocheza, akanisalimu kwa magoti kisha akaninong'oneza, “Baba, shinikizo lako wamelipima lini mara ya mwisho?” Nikajua kwamba nyumba yetu imepata mtu.

Niliporudi niliwaambia wote maneno ya tabibu, wakiwa wamekaa na miguu yao kwenye beseni la maji ya moto. Viola alikasirika kwa sababu sikumwambia, na alikuwa na haki. Alisema, “Mimi nilisemwa bombani miezi mitano, Baba, na jibu ulikuwa nalo.” Nilimwomba radhi mbele ya watoto. Siku ya pili alikwenda bombani akawaeleza, na sasa mama wawili wa bombani wanatoka nasi asubuhi. Johnson akasema, “Kuhusu Nesitu, tutazungumza siku nyingine.” Hajazungumza. Kile kiti amekalia yeye.

Nilirudi zahanati. Tabibu hakuwa na haja ya kuniambia nisimame. Nilisimama nikakaa, nikasimama nikakaa, mpaka akasema inatosha. Sukari imeshuka. Shinikizo bado linahitaji dawa, nami ninazimeza.

Sasa wewe.

Nuwa amefika Ijumaa. Nilimfuata mwenyewe kwenye yadi ya malori. Nikamwuliza, “Dada yangu anaonekanaje anapokuletea barua?” Akasema hajawahi kukuona. Barua huletwa na mpangaji. Nikamwuliza amesikia nini. Hakutaka kusema. Nilimnunulia chai, nikamtazama kama nilivyokuwa nikitazama darasa. Akasema mpangaji alimwambia kwamba uliteleza bafuni Januari, hukuvunjika mfupa, daktari alikuruhusu kutembea, lakini tangu hapo hujavuka kizingiti. Kwamba bustani inalimwa na mke wa mpangaji. Kwamba kwaya huja kukuimbia sebuleni, nawe unatazama sare.

Kwa hiyo umekuwa ukinitembeza mimi kutoka kwenye kiti chako! “Vaa koti, bwana.” “Usikubali Nesitu.” Umejitengenezea Nesitu yako sebuleni.

Sitakuandikia maneno makali, ingawa nimeyaandaa. Nitakuambia tu yanayotakiwa. Harusi ni Januari, kiangazi. Bibi harusi haingii kwetu bila shangazi kumpokea langoni na kutembea naye mpaka mlangoni, nawe ndiwe shangazi pekee tuliye naye. Si mbali. Ni kutoka getini mpaka mlangoni, lakini wakati watu wanaimba, na kwa kufuata ngoma, wala huendi kwa kubebwa. Cyril amesema kwamba kama hutaweza, atamwomba Milly ashike nafasi yako. Milly amekubali haraka kuliko nilivyopenda.

Nakuogopea, Santina. Nimemaliza.

Kaka yako,
Emilio


Msamvu, Morogoro, 24 Novemba 2024

Kaka Emilio,

Uvumilie mwandiko. Ninaandikia juu ya ubavu wa lori na Nuwa anawasha injini kunitisha.

Nilikasirika wiki moja. Nilimfukuza mpangaji kwa maneno, kisha nikamwita arudi kwa sababu ya maharagwe. Ni kweli, niliteleza. Niliogopa sakafu, Kaka, baadaye nikaogopa mlango, baadaye hata barabara niliyozaliwa kuitembea. Wanangu walinizunguka kwa upendo, kila mmoja na mto wake. Ningekuandikia nini? Wewe ndiye uliyekuwa na miguu mibovu, nikaona afadhali nijishughulishe na yako.

Milly akishika nafasi yangu nitafufuka hata kama nimekufa.

Nilianza na mlango. Nikaja kwenye bomba. Mke wa mpangaji alinishika mkono siku za mwanzo, sasa namshika mimi, ana mimba. Wanakwaya wenzangu watatu huja asubuhi na sare zao za zambarau, tunapanda Kigurunyembe polepole, na watu wanatupisha. Jana mwenye nyumba mmoja alitufungulia geti. Tulikimbia, Kaka. Tulikimbia kweli, tukicheka, mwanamke wa miaka sitini na tisa na wenzake.

Leo nimeleta barua mwenyewe. Nuwa alipoambiwa ndiye mimi, alishuka kwenye lori akavua kofia, akataka kuniletea kitu cha kukalia. Nimemkatalia. Nimesimama tangu mwanzo wa barua hii.

Nitakuja na basi hadi Kampala, na kutoka hapo mwanangu atanileta. Mwambie Aguer anifundishe kuhesabu hatua. Mwambie Viola namletea nazi. Na pale langoni siku ya harusi, Kaka, najua watakavyofanya, watakimbia kuniwekea kile kiti cha mito mitatu. Uwaambie mapema kwamba shangazi amesema kisitoke ndani.

Santina